Matusi Nisiyoyatoa

Mimi si malaika. Nina mdomo, na mtaa mzima unajua. Mteja akichelewa kuchukua nguo yake kwenye cherehani yangu nampa ukweli wake mbele za watu. Lakini mume wangu sijawahi kumtukana, na aliyeniamini ni daktari peke yake, ambaye hata jina langu hakulijua.

Mume wangu ni fundi friji, mtu mpole mpaka anaudhi. Siku moja akatoka chumbani macho mekundu, akaniuliza kwa nini namwita mwizi. Nilikuwa naosha vyombo, niko kimya. Nikacheka. Laiti nisingecheka. Tangu hapo ikawa kesi kila siku: nimemwita mwizi, nimemwita mwanamume wa jina tu, nimewaambia wateja wake wasimlipe. Akaacha kula nilichopika.

Nilipompeleka hospitalini, daktari alituchorea ubongo nyuma ya kalenda ya zamani. Akasema kila mtu huongea peke yake kichwani, na ile sehemu inayotunga maneno huiarifu sehemu inayosikia: tulia, haya ni yetu. Kwa mume wangu taarifa hiyo haifiki vizuri, kwa hiyo mawazo yake mwenyewe yanaingia kama ya mtu baki. Tena kuna kemikali, dopamini, imezidi, nayo inafanya kila jambo dogo lionekane kubwa.

"Sasa kwa nini iwe sauti yangu?" nikauliza.

"Mara nyingi huwa ya mtu wa karibu."

Kumbe hayo ndiyo malipo ya kupendana miaka yote ile. Roho iliniuma.

Vidonge alivyopewa vilianza kumsaidia. Akawa analala, na asubuhi moja akaniomba chai mwenyewe, akainywa yote. Ndipo mama mkwe akaja, ameshasimuliwa na mwanawe kesi nzima kwa simu, upande mmoja. Akavikuta vidonge, akasema ndivyo ninavyomlegeza navyo, akavitupa chooni.

"Mwanangu haumwi," akasema. "Mwanangu ameoa vibaya."

Haikuchukua muda, sauti zikarudi. Mama mkwe akaamua kunichunga. Akaweka kiti mbele ya cherehani, akakaa ananitazama mdomo. Nilikuwa napinda gauni la mteja, pini nimezibana kwa midomo kama tufanyavyo mafundi, hata kikohozi kisingepita. Mume wangu akapaza sauti kutoka chumbani.

"Mama, umemsikia? Umesikia anavyoniita?"

Nisiseme uongo, nilifurahi. Nikazitoa pini moja moja, nikazichomeka kwenye kitambaa.

"Mama, umeona mwenyewe. Nimesema nini hapa?"

Uso ukambadilika, akavuta kiti nyuma.

"Kumbe wewe," akasema taratibu, "hata mdomo huhitaji kuufungua."

Kesho yake akamchukua mwanawe. Nilimshika mama mkwe mkono mlangoni, mimi nisiyejua kubembeleza mtu. "Mchukue, mama, na vyombo vyote chukua ukitaka. Lakini ameze dawa." Akauchomoa mkono wake, akaupangusa kwenye gauni lake. Majirani walikuwa nje wanatazama. Jioni wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo hata sijavikata.

Ukapita mwezi na zaidi, simu ikalia.

"Mwanangu," akaniita mama mkwe, jina ambalo hakuwahi kunipa. "Hataki kula chakula changu. Anasema namtukana. Mimi, mama yake mzazi."

Siku hiyo nilikuwa nimeingoja. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyapanga, tena makali. Nikayaacha. Nikamwambia ampeleke hospitalini, nitawakuta huko.

Niliwakuta kwenye ukumbi wa kusubiria. Mume wangu amekonda, ndevu zimemjaa, shati la kazini linamning'inia. Mama mkwe akanisogezea nafasi kwenye benchi bila kunitazama, nikakaa. Mume wangu akatuangalia, mama yake kisha mimi, akainuka, akaenda kusimama kule ukutani, mikono masikioni.

Hatukusema neno. Mama mkwe alikuwa ameubana mdomo mpaka midomo imempauka, nami vivyo hivyo, tunaogopa hata kupumua kwa nguvu.

"Basi, jamani," akatuambia kutoka kule, machozi yanamtiririka. "Inatosha. Nawasikia wote wawili."