Mluzi wa Marehemu Thrasos

Kasuku wa Thrasos aliitwa Meya kwa sababu, kama alivyosema marehemu mwenyewe, ana kishungi kichwani, anakula vya bure, na hotuba zake hazina mwisho. Alikuwa kasuku mdogo wa kijivu mwenye mashavu ya rangi ya chungwa, wa kuenea kiganjani. Kwa miaka kumi na moja alitawala ile nyumba ya Tirnavo, mji mdogo wa Ugiriki. Asubuhi alikunywa maji ukingoni mwa sinki, kisha akapanda begani kwa Evanthia, mke wa Thrasos, kukagua masufuria.

Na alikuwa na mluzi. Thrasos akipanda ngazi kutoka mkahawani alipiga mluzi, sauti mbili za kupanda na moja ya kushuka, maana yake kahawa motoni, mwenye nyumba nimefika. Meya aliuiba mluzi huo angali kinda. Tangu hapo Evanthia alibandika kahawa mara saba kwa siku, kwa ajili ya mume ambaye huko mkahawani hata kiti hajakiacha.

Thrasos alikufa Jumanne moja ya Februari. Moyo. Evanthia akavaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi, na wifi yake Pagona, dada wa marehemu, akahamia pale kusimamia msiba. Pagona alikuwa amefiwa na mume miaka ishirini na mbili iliyopita na hajawahi kulivua jeusi. Ukimwona kwa mbali ungedhani mwavuli umejifunga. Alifunika vioo vyote vya nyumba, hata kile cha tunduni mwa Meya, kisichozidi biskuti.

"Hata cha ndege, wifi?"

"Msiba ni msiba. Kwani yeye si wa humu ndani?"

Siku hiyohiyo Meya akakata hotuba. Evanthia alipompelekea mtama kiganjani, kama siku zote, alilaza kishungi, akafoka kama mafuta ya moto, akajibanza pembeni. Kesho yake akamng'ata kidole hadi damu. Kisha akaanza kujinyonyoa, na kufikia wiki ya tano kifua chake kilikuwa na upara uliofanana kabisa na wa Thrasos. Mtama ulibaki kisahanini.

"Huyo ni ndege wa mtu mmoja," alisema Pagona. "Mtu wake kaondoka. Mwanangu Lefteri atakuja Jumamosi baada ya arobaini, ampeleke kwake Larisa. Ana tundu kubwa, ana kasuku wenzake. Utabaki naye umwone akifa?"

Evanthia alikubali, lakini hakusema kilichomfanya akubali. Asubuhi ya ile Jumanne Thrasos alijishika kifua akasema kinamchoma, naye, bila kugeuka kutoka kwenye jiko, akamjibu, "Ni zile pilipili za siki ulizokula jana, mlafi wewe. Kalale." Akaenda kulala. Maneno hayo hakuyasikia mtu mwingine ila Meya, aliyekuwa begani. Kwa hiyo Evanthia alijua kwa nini ndege hamtaki. Shahidi alikuwa ametoa hukumu yake.

Ijumaa, siku moja kabla ya arobaini, Pagona alikwenda kanisani kupeleka majina ya kuombewa. Evanthia alibaki jikoni na ngano ya marehemu, ile ya kugawiwa watu kanisani siku ya arobaini, imechemshwa, imekaushwa juu ya shuka, imechanganywa na zabibu kavu na lozi. Ilibaki kumwagia sukari ya unga juu na kuisawazisha. Mfuko ukagoma kufunguka. Akauvuta, nao ukakubali wote kwa mpigo mmoja, na Evanthia akageuka mfanyakazi wa kinu cha unga, mweupe kote.

Gauni jeusi la pili lilikuwa kambani likidondoka maji. Nyuma ya mlango wa jikoni lilining'inia gauni lake la nyumbani, lile la maua ya njano, limechakaa mabegani kwa kucha za Meya. Akalivaa. Kitambaa nacho akakivua. Dakika tano tu, alijiambia, nisuuze hili.

Aligeuka kufungua bomba, mlango wa tundu ukalia ka! Upepo ukampita sikioni, na kitu kizito kama yai kikatua begani, mahali pake. Meya akavuta hereni. Akavuta tena, kwa hasira, kama mtu anayeuliza: ulikuwa wapi wiki tano zote hizi? Halafu akanyoosha shingo akapiga mluzi. Sauti mbili za kupanda, moja ya kushuka.

Mkono wa Evanthia ukaenda wenyewe kwenye birika la kahawa. Alipogundua anachofanya, akakaa chini, birika mapajani.

Baada ya kulia vya kutosha akaliokota gauni jeusi na kulisogeza karibu. Meya akalaza kishungi, akafoka, akajificha nyuma ya shingo yake. Akalitupa sebuleni, na kishungi kikasimama.

"Kumbe hukunijua," alisema. "Mjinga mkubwa wewe! Mimi nadhani unanihukumu, kumbe ulikuwa unanitafuta."

Pagona aliingia akamkuta hivyo, wifi yake katika maua ya njano, kichwa wazi, ametapakaa sukari, arobaini kesho.

"Panagia, Mama wa Mungu! Evanthia! Kaka yangu hajapoa, na wewe umevaa kama bustani?"

"Funga mlango, wifi. Anaogopa nyeusi. Ananiogopa mimi."

"Na majirani? Polixeni yupo hapo barazani, macho kama darubini!"

"Barabarani nitavaa nyeusi hadi nizikwe. Humu ndani nitavaa hili. Na Lefteri mpigie simu asije na boksi lake. Ndege haendi."

Pagona alifungua kinywa. Alikuwa na mengi, ungeona yakipanga foleni. Ndipo Meya akapiga mluzi.

Mikoba ikamtoka mkononi. Akageuka kutazama ngazi, mwanamke mzima wa miaka sabini na moja, akamtazamia kaka yake. Ngazi zilikuwa tupu.

"Tena," alinong'ona, akasogea mbele. Meya alimwona mwavuli huyo akija, akafoka, akarukia juu ya kabati.

"Nimekwambia, wifi."

Pagona akamtazama ndege, akalitazama gauni lake jeusi. Kisha akafungua droo ya pili, akachambua, akatoa kitambaa cha meza cha Pasaka, chenye vifaranga vya njano na mayai mekundu, akakijifunga kuanzia shingoni hadi magotini.

"Ukimwambia mtu," alisema, "nitakana mbele ya padri."

"Keti tu. Usimkodolee macho."

Wakaketi, mmoja maua, mwingine vifaranga. Evanthia akabandika kahawa, na safari hii akapima vikombe viwili. Juu ya kabati Meya aliinamisha kichwa, akamkagua Pagona kwa jicho moja, kisha kwa la pili, polepole, kama meya halisi aliyeletewa ombi. Kishungi kikaanza kunyanyuka.