Kiwashio Kwenye Mkoba wa Koleo

Msusi ndiye aliyeleta maneno. Alifika kwa mama mshonaji kuchukua gauni lake, akajikalisha, akasema kule kwenye ukumbi wa mashine za michezo kuna mwizi, na mwizi mwenyewe ni mwanamke.

"Hana kisu wala nondo," akasema. "Ana kiwashio tu, kile cha kuwashia jiko la gesi. Anakibonyeza penye tundu la sarafu, cheche inaingia, mashine inapagawa, inadhani imelishwa. Anacheza bure mpaka achoke."

"Wanawake wako wengi, shoga."

"Wako wengi. Wanaojua mambo ya nyaya mtaa huu wako wangapi? Mimi sijasema kitu. Shona tu."

Mama akashona, lakini mshono ukaenda upogo. Binti yake wa pekee alikuwa fundi wa umeme. Mtaa mzima ulimwita Koleo tangu utotoni, maana alichokishika hakukiachia. Miezi miwili sasa alikuwa na kazi kwenye ukumbi huohuo. Kazi gani hasa, mama hakujua vizuri. Aliwahi kuuliza, binti akaeleza dakika kumi nzima, na mama akaitikia "enhe, enhe" huku akiwaza mboga. Darasa la saba lilimfundisha kusoma na kujumlisha. Mambo ya cheche hayakuwemo.

Uvumi ule ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki, kumeza haushuki, kukohoa hautoki. Siku ya nne asubuhi, binti akiwa bafuni, mama akafungua mkoba wake wa kazi. Chini ya bisibisi na utepe wa kufungia nyaya akakuta kiwashio cha jiko la gesi. Nao hapo nyumbani walipikia mkaa. Kwenye ncha kilikuwa kimeongezewa waya wa shaba, umesokotwa kwa ustadi wa mtu anayejua anachofanya.

Bafuni hapakuwa mbali. Alisikia maji yakimwagwa. Angeweza kugonga mlango akauliza. Hakuuliza, kwa sababu aliogopa jibu. Akakirudisha kiwashio mahali pake.

"Mama, mbona umekaa kama unasubiri daktari?" binti akauliza alipotoka.

"Mgongo tu."

"Hiyo cherehani itakuua. Jumamosi nitakukanda."

Akabeba mkoba, akaenda zake.

Sasa mama huyu alikuwa na mazoea yake tangu binti yuko shule. Kioo cha darasa kikivunjika, kabla mwalimu hajauliza nani, yeye yuko mlangoni anaomba radhi. Aliamini kwamba anayewahi kujishusha hupewa nusu ya adhabu, na kweli walimu walikuwa wakimwonea haya. Basi akavaa viatu, akaenda ukumbini kumwahi mwenye mali kabla binti hajakamatwa.

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu, madirisha yamepakwa rangi nyeusi. Kulikuwa na mashine za kuendesha magari zenye viti vilivyochanika, na sanduku la kioo lililojaa midoli chini ya mkono wa chuma. Wateja walikuwa bado. Mwenye ukumbi alisimama katikati na chai yake, macho mekundu. Kwa miezi kadhaa mashine zilikuwa zinaonyesha zimechezwa sana, na ndani ya masanduku yake sarafu hazifiki hata nusu.

"Baba, nimekuja kwa ajili ya binti yangu," mama akasema. "Kile kiwashio nimekiona. Ni ujinga wa ujana. Nakuomba umsamehe, nitahakikisha harudii."

Mwenye ukumbi akaweka kikombe chini. "Kiwashio kipi, mama?"

Hapo palikuwa pa kunyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa. Mama akaeleza yote, mpaka waya wa shaba na jinsi ulivyosokotwa.

Nyuma ya mashine ya tatu mtu akasimama. Alikuwa Koleo, vumbi magotini, mkononi ana kiboksi kidogo chenye taa nyekundu. Alikuwepo muda wote.

"Bosi, kiwashio hicho unakijua," akasema. "Kazi uliyonipa ni kuzikinga mashine na cheche. Kila nikifunga kiboksi hiki naijaribu mashine mwenyewe. Mlango nitajuaje umefungika bila kuusukuma?"

"Nilikwambia ujaribu hapa. Sikukwambia ulale nacho nyumbani."

"Nilikiongezea waya ili kiwe kikali kuliko cha mwizi."

"Mama yako mzazi anasema mwizi ni wewe. Nimwamini nani, wewe au aliyekuzaa?"

"Mimi sikusema mwizi," mama akadakia. "Nilisema asamehewe."

"Anasamehewaje asiyekosa, mama?" mwenye ukumbi akauliza.

Akamwonyesha Koleo mlango kwa kidole. Koleo akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, bila haraka. Mashine nane zilikuwa zimeshapata kinga, nne bado. Hakumtazama mama yake. Kabla hajafika mlangoni, mwenye ukumbi alikuwa tayari kwenye simu, anawatahadharisha wenzake wenye kumbi nyingine.

Baada ya wiki tatu, kimojawapo cha viboksi alivyofunga Koleo kilipiga kelele mchana kweupe. Mashine ikajifunga, na mwizi akashikwa na kiwashio ndani ya mkono wa shati. Alikuwa mwanamume mtu mzima, suruali imepigwa pasi.

Mama akarudi mbio ukumbini. "Sasa umeona. Waambie wenzako."

"Niwaambie nini?" mwenye ukumbi akasema, macho kwenye funguo zake. "Kwamba mama yake alimsingizia? Wataniuliza ni mama gani huyo."

Hakuwaambia. Koleo alikuwa ameshahamia mji mwingine, anatengeneza pasi na feni kwenye kibaraza cha duka la mtu.

"Mwanangu, nisamehe," mama akamwambia kwenye simu.

"Nimekusamehe, mama."

"Basi rudi."

"Kusamehe nimesamehe. Kurudi ni habari nyingine. Mgongo unaendeleaje?"

Mama mwenzangu unayesoma, ya kuepuka ni haya:

Usipekue mkoba wa mtu mzima, hata kama ulimzaa wewe.

Ukishapekua, usiende kwa mtu mwingine kabla ya mwenye mkoba.

Usiombe radhi ya kosa ambalo hujaambiwa na aliyelitenda.

Usiitikie kazi ya mwanao kama hujaielewa. Sema sijaelewa, akueleze upya.

Kama mwanao ni fundi, asichukue kifaa cha kujaribia kwenda nacho nyumbani bila karatasi iliyosainiwa na mwenye kazi.

Usiseme ulifanya kwa mapenzi. Hilo halimrudishii mtu kazi.