Risasi Zilizorudi kwa Shemasi Peck

Jumamosi asubuhi Zilpa alitia maharage kwenye chungu, akayamiminia asali nyeusi ya miwa, akaweka kipande cha nyama ya nguruwe juu, akakisukuma chungu ndani ya tanuru la ukutani. Yangekaa humo mpaka kesho yake, maana katika vijiji vya Connecticut hakuna apikaye siku ya Sabato, yaani Jumapili. Tanuru likishafungwa, moto wa jikoni ulibaki bila kazi, na moto usio na kazi nyumbani kwa Shemasi Azaria Peck ulikuwa wa kuyeyushia risasi.

Vita na Mfalme wa Uingereza vilikuwa vimeshika, na jeshi la makoloni yaliyomwasi halikuwa na cha kupigia. Kila nyumba ilitoa ilichonacho. Bibi Submit, mke wa shemasi, alitoa sahani zake za bati, na birika ambalo lilikaa bure tangu walipoapa kutokunywa chai ya Mwingereza. Zilpa aliviyeyusha, akamimina kwenye kalibu ya chuma iliyofunguka kama mkasi, akangoja kidogo, akafungua, ikadondoka risasi moja, duara, safi. Bibi Submit naye alijaribu. Zake zilitoka na nundu.

"Mkono wako umetulia," Bibi akasema, akijifuta. "Endelea wewe tu."

Zilpa akimimina, shemasi hukaa mezani na wageni wake, na maneno yake yalikuwa yale yale. "Kodi ambayo sikuikubali ni mnyororo," alisema. "Mimi sitakuwa mtumwa wa mtu. Bora nizikwe." Kisha husogeza kikombe pembeni bila kugeuka, na Zilpa huweka kalibu chini akaja kumjazia pombe ya matofaa. Zilpa alikuwa mtumwa wake. Shemasi alimrithi kwa baba yake pamoja na ng'ombe, na Ketura, binti wa Zilpa, alizaliwa humo humo, kwenye chumba kidogo juu ya jiko.

Risasi zilianza kurudi wakati wa mavuno ya maboga. Ya kwanza iliingia dirishani polepole, ina joto kidogo, ikazunguka meza kama mgeni anayetafuta pa kukaa, ikatua ndani ya beseni. Nyingine zikafuata. Siku ambazo mlango umefungwa, zilibisha.

"Mfungulie huyo," shemasi alisema, macho yakiwa kwenye Biblia.

"Si mtu, Bwana," Ketura akajibu. "Ni risasi."

"Basi zifungulie. Mlango huu ni wa mbao nzuri."

Haukupita muda akaja Kapteni Holcomb, jirani yao aliyeongoza wanamgambo wa kijiji. Ilikuwa Jumamosi tena, alasiri. Alivua kofia, akaitupa mezani. Ilikuwa na tundu.

"Azaria, risasi zako zinanitia aibu. Tunafyatua, zinakwenda mpaka katikati ya uwanja, zinasimama, halafu zinageuka. Wale askari wa Mfalme wenye makoti mekundu wanatucheka mpaka wanashika mbavu. Hii moja imenipitia hapa, karibu ninyolewe."

"Labda ni baruti."

"Baruti ni ile ile! Za nyumba nyingine zinakwenda, ila zina nundu, zinakwama kwenye mtutu. Za kwako ndizo duara. Nani anazimimina?"

Wote wakamtazama Zilpa.

"Umezifanya nini, mama?" Kapteni akauliza.

"Sijazifanya kitu, Kapteni. Nazimimina kama nilivyofundishwa. Ila zinapopoa hapa, Bwana anakuwa anazungumza. Labda zimemsikia."

"Zimesikia nini?"

"Kwamba mtu asiwe mtumwa wa mtu."

Shemasi akasema risasi haina masikio. Kapteni akasema hata yeye angependa iwe hivyo, lakini ana watu wasio na cha kupigia. Wakabishana. Shemasi alimtaja Ibrahimu wa Biblia na watumwa wake, Kapteni akaleta tena kofia yake. Walibishana mpaka Bibi Submit akawasha mshumaa ili waonane.

"Mwahidi mwanamke huyu, nikale nikalale," Kapteni akasema mwishowe. "Nimechoka, Azaria. Nimechoka nawe kuliko na Mfalme."

Shemasi akasimama, akaweka mkono kifuani. Akasema kwamba vita vikiisha na Mfalme akishindwa, Zilpa atakuwa huru.

"Na Ketura?" Zilpa akauliza.

"Na Ketura."

Risasi zilizokuwa zikigongana ndani ya beseni zikanyamaza. Kapteni akazibeba kwenye mfuko wa ngozi, na tangu siku hiyo hazikurudi. Zilipiga watu waliolengwa. Zilpa alimimina baridi na kiangazi, mpaka ngozi ya vidole vyake ikawa na madoa meupe ya kuungua, na Ketura akakua akimshikia koleo. Wakiwa peke yao walizungumza juu ya nyumba: iwe na dirisha upande wa jua, na mlango wa kufungwa kwa ndani.

Mfalme akashindwa. Kengele zikapigwa, ng'ombe mzima akachomwa mbele ya kanisa, shemasi akahutubia juu ya uhuru mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake asubuhi Zilpa na Ketura walifunga nguo zao, wakasimama mlangoni.

"Mnakwenda wapi?" shemasi akauliza.

"Tunakwenda, Bwana. Vita vimekwisha."

"Hebu chemsheni maji kwanza," akasema. "Jambo hili lina sheria zake."

Sheria zake zilikuwa kwa hakimu wa kijiji, mzee Gaylord, aliyeamulia kesi sebuleni kwake, na mkewe akifuma soksi pembeni. Hakuna aliyekana kitu. Kapteni Holcomb alisema ahadi aliisikia kwa masikio yake. Bibi Submit alisema naye aliisikia. Shemasi mwenyewe alisema ndiyo, maneno hayo aliyatamka.

"Jumamosi?" hakimu akauliza.

"Jumamosi."

"Jua lilikuwa halijazama?"

Kapteni akakuna kichwa. Mtu mkweli yule. "Lilikuwa limezama, mzee. Mshumaa ulishawashwa."

Hakimu akapumua kwa huzuni. Jua likizama Jumamosi, Sabato imeingia, kila mtoto anajua, na mapatano ya siku ya Bwana si mapatano. Ni kama vile hayakusemwa.

"Lakini alitoa neno siku ya Mungu, mbele ya Mungu," Zilpa akasema. "Mimi nilidhani hapo ndipo linaposhika zaidi."

"Wengi hudhani hivyo," hakimu akasema. "Pole sana, mama."

Risasi zikarudi wiki hiyo hiyo. Zilitoka kila mahali zilikopigana, zimekuwa bapa, nyingine zina nyuzi za koti jekundu. Majirani walifungua madirisha zipite, wakaanua nguo kambani zisitobolewe. Zilijaa beseni, zikajaa pipa, zikatapakaa uani. Hazikumdhuru mtu. Shemasi alijifunza kutembea bila kuinua miguu, na watu wa kijiji walikuja kuchota za kutilia uzito nyavu zao. Mfalme hakurudi nazo. Nchi ilibaki huru.

Masika hayo Mindwell, binti wa shemasi, aliposwa na mfanyabiashara wa Hartford, na shemasi akampa binti huyo Ketura, awe mtumwa wake wa kwenda naye. Zilpa alisikia jikoni, akiwa ameshika sufuria. Hakuitupa. Jumatatu, jua likiwa utosini, alimfuata shemasi shambani.

"Bwana, leo si Sabato. Jua lile pale. Yaseme tena yale maneno."

Shemasi akatazama juu, akakiri kwamba kweli ni mchana. "Lakini vita vimekwisha, Zilpa," akasema kwa upole. "Sasa niahidi kwa ajili ya nini?"

Jumanne alimwuliza tena. Jumatano alimkuta anatoka, akamwuliza, naye akasema ana haraka.

Alhamisi gari la farasi lilisimama mbele ya nyumba. Mindwell alikaa mbele na bwana harusi, Ketura nyuma, kati ya kitani na kitanda cha kufumia nguo. Risasi zilibiringika zenyewe kutoka uani, zikajipanga barabarani mbele ya magurudumu, tabaka juu ya tabaka. Farasi akateleza, akagoma.

"Mama," Ketura akasema.

"Sasa hizi nazo," shemasi akasema, akitazama saa yake. "Zilpa! Lete ufagio, farasi asije akavunjika mguu."

Zilpa alileta ufagio. Alifagia, zikarudi, akafagia tena, akaziwekea ubao pembeni zisibiringike, mpaka njia ikawa nyeupe na gari likapita.