Machweo Bandarini Mhunze

Mwaka wa themanini na mbili, ukitaka kupigwa picha kwa Otmar pale Mhunze, ulikwenda na kitana na debe la maji. Picha haisafishwi kwa mate, na Otmar alikuwa na kamera, hakuwa na kisima.

Ukutani alitundika pazia lililochorwa na fundi rangi aitwaye Januari: jiji la pwani, bandari, meli tatu, na jua lililobakiza shubiri moja kuzama. Wiki ya kwanza jua lilitulia. Wiki ya pili likaanza kuzama kila siku saa kumi na mbili kasorobo, taa za jiji zikawaka, na kesho yake likakutwa limerudi kwenye shubiri yake. Flashi ya Otmar ilikuwa imekufa, kwa hiyo akapiga picha kwa mwanga wa jua hilohilo. Mlangoni akabandika tangazo: WATEJA WAWAHI.

Anisia alikuwa na shida moja. Mumewe, Mihayo, alikwenda Geita kuchimba dhahabu kabla mtoto hajazaliwa. Mama mkwe akamwandikia mwanawe kwamba mtoto, Gelasius, miezi saba sasa, hana masikio ya ukoo, yale yanayosimama kama ya sungura. Mihayo akajibu: nitumieni picha. Nikiyaona narudi, nisipoyaona nachimba.

Mara mbili Anisia aliondoka alfajiri kwenda mtoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba shimo, unasubiri kikombe kijae, unamimina, unasubiri tena. Mara mbili alifika studio debe limejaa na bandari ina giza. Picha ya kwanza ilitoa taa za hoteli. Ya pili ilitoa meno mawili ya Gelasius.

"Kwani haya yote hapa si maji, kaka Otmar?" Anisia akauliza, akiionyesha bandari.

"Ya chumvi hayo, Mama Gelasius. Nilioshea picha ya harusi, bwana harusi katoka madoa kama kanga. Wanayapenda ng'ombe tu."

Ni kweli. Ng'ombe watatu wa Mzee Maige walikuwa wamesimama pale ndani, wakilamba pindo la pazia.

Wiki hiyo alikuja afisa wa maji kutafuta mahali pa kuchimba kisima. Akaingia studio kuchana nywele, akaiona bandari, akaandika kwenye faili: *Maji yapo, hadi upeo wa macho.* Kisima kikapelekwa kwingine. Mwenyekiti wa kijiji alimshukuru, kisha akaunda Kamati ya Bandari.

Mara ya tatu Anisia alifika jua limeshazama nusu. Bibi Serafina, aliyeuza karanga mlangoni, akamtazama.

"Mmelisalimia?"

"Nani, bibi?"

"Jua, ng'wanone, mwanangu. Linaingia nyumba ya watu kila siku, hakuna anayelipa hata shikamoo. Ningekuwa mimi, ningezama saa tisa."

Anisia akatua debe, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, jua."

Jua likasimama. Kisha likapanda vidole viwili, kama mgeni aliyeambiwa asubiri chai. Meli moja ikapiga honi. Gelasius akageuka, masikio yakasimama yote mawili, mwanga ukayapenya.

"Usipumue!" Otmar akasema, akabofya.

Mama mkwe aliishika picha karibu na pua, kisha mbali. "Haya ndiyo," akasema. "Jana hayakuwepo."

Mihayo hakujibu kwa barua. Alishuka kwenye lori la pamba, akampokea mwanawe, akayagusa masikio, moja, halafu la pili, akafuta macho kwa kiwiko. Kisha akauliza, "Na hiyo bandari nyuma yake, wanachukua makuli?"

Kamati ilikuwa inachukua. Kila asubuhi Mihayo huvua viatu, huingia ndani ya pazia na kushusha magunia mpaka jua lizame. Wateja wakimwona kwenye picha zao, kwa mbali, humpungia. Jioni hurudi nyumbani, humrusha Gelasius juu na kumdaka, na mwili wote umeganda chumvi.

Chumvi hiyo haitoki kwa maji ya bandari. Alfajiri Anisia humfunga mtoto mgongoni na kwenda mtoni na madebe mawili. Foleni imerefuka sana, maana makuli wameongezeka, na wote wana wake.