Mbegu ya Mama Agnès

Rosalie aliichemsha mbegu ya baba yake Jumanne asubuhi, katika sufuria ileile ya ugali, na tusizunguke: alijua anachofanya. Alingoja mzee atoke kwenda chooni, safari ambayo siku hizo ilimchukua muda kwa sababu ilimbidi asimame mara mbili njiani akohoe. Akaitoa mbegu kwenye kilauri cha maji pale dirishani, akaichomoa vijiti vyake vitatu, akaitumbukiza kwenye maji yanayotokota. Aliposikia kikohozi kinakaribia mlango, akaiopoa kwa mwiko, akavirudisha vijiti katika matundu yaleyale na kuikalisha tena kwenye kilauri. Vidole vilimuungua. Papa Gaspard akaingia, akaketi kitandani kwake kando ya dirisha, akaitazama mbegu na kusema leo imeng'aa kidogo.

Mbegu yenyewe ilikuwa ya avoka. Papa Gaspard alikuwa fundi wa mabehewa ya reli hapa Kalemie kwa miaka thelathini na moja. Kwenye karatasi za serikali aliandikwa jina jingine, la mababu, kama kila sitwayeni, yaani raia, wa Zaire ile, lakini hilo hakuna aliyemwitia, hata polisi. Alipostaafu alirudisha nyumba ya kambi ya reli, akahamia kwa binti yake kule mtaa wa Kataki, vyumba viwili vya kupanga na kiwanja cha mawe na mbuzi wa watu. Nyuma ya nyumba ile ya kambi aliacha mti wa avoka wa marehemu mke wake, Mama Agnès. Haukupita mwaka, waliohamia pale wakaukata wapate makaa.

Mzee alipopata habari alivaa koti, akaenda kwa miguu mpaka kambini, akarudi alasiri na avoka moja mfukoni, ile pekee iliyokuwa imekomaa kwenye matawi yaliyolala chini. Waliila wawili kwa chumvi. Kisha akaiosha mbegu, akachonga vijiti, akaichoma ubavuni na kuikalisha juu ya maji, kama alivyoona zamani dirishani kwa madamu mmoja wa Kibelgiji. Itoe mizizi kwanza hapa niione, alisema, udongo tutautafuta.

Majirani walicheka mpaka basi. Avoka! Kitu kinachojiotea chenyewe kwenye shimo la takataka, leo kinawekwa dirishani na kubadilishiwa maji kila asubuhi! Mama Elisabeth wa mlango wa pili hakupita bila kuuliza mtoto ameamkaje. Rosalie hakucheka hata siku moja.

Maana upande wa Pepa, kwao mama yake, watu wanasema hivi: anayepanda mti wa matunda kwa mkono wake mwenyewe, siku mti utakapozaa, naye atakwenda. Ndiyo maana wengi hutupa mbegu tu, ziote zenyewe, lisiwepo jina la mtu juu yake. Haya, sema ni maneno ya wazee. Rosalie naye angesema hivyo kama asingeona kwa macho yake. Mama Agnès aliupanda mti ule Rosalie akiwa na miaka sita. Mwaka wa saba tangu kupandwa mti ukatoa maua, ukazaa avoka tisa, na kabla hazijaisha kuliwa Mama Agnès alikuwa amekwisha kuzikwa. Zilibaki nne juu ya kabati. Hakuna aliyezigusa mpaka zikaoza.

Sasa huyu naye! Rosalie alikuwa amemsihi angalau amwachie mtu mwingine avichome vile vijiti. Mzee akakataa katakata, akasema mbegu ni ya mke wake na mkono utakuwa wake. Kichwa kigumu. Na Rosalie alikuwa na nani mwingine? Mume wake alivuka ziwa kwenda Kigoma na ndagala, dagaa wa kuuza, akaolea hukohuko, na watoto hawakupata. Alibaki na mzee huyu wa kukohoa, anayelalamikia chumvi, anayeongeza sauti ya redio watu wakiongea, na alimpenda hata akawa anaona uchungu kumtazama akivaa viatu. Kwa hiyo aliipika mbegu, na alipomaliza roho yake ilitulia.

Ikapita wiki ya tatu, ya tano. Maji yalikuwa yanageuka mekundu, mzee akasema hiyo ni nguvu inatoka. Akaanza kuomba mbegu igeuziwe jua. Alipokosa nguvu ya kusimama, kazi ya kubadilisha maji ikamwangukia Rosalie. Kila asubuhi aliyamwaga na kutia mengine, na kila asubuhi aliulizwa kama imepasuka, akajibu bado, Papa. Wiki ya saba mbegu ilianza kunuka. Mama Elisabeth aliacha kuuliza habari za mtoto.

Siku moja kikohozi kilileta damu, Rosalie akamwita muuguzi Ignace. Ignace alimpima mzee kifua, akatoka nje na Rosalie, akamweleza kwa upole kwamba dawa hakuna tena, na kwamba baba yake anajua. Alijua tangu kiangazi, kabla hata mti haujakatwa. Ignace alikuwa ameombwa na mzee asimwambie binti.

Rosalie alirudi ndani amekasirika, kwa sababu hasira ilikuwa karibu kuliko machozi.

"Papa, ulijua unaumwa hivi, na bado ukapanda?"

"Ni hiyo sababu nilipanda," alisema mzee.

Akamwambia akae. Akamweleza kwamba mwaka ule Mama Agnès alipopanda avoka yake, munganga wa hospitali alikuwa amekwisha kumwambia hatamaliza mwaka. Rosalie alikuwa mdogo, hawakumwambia. Basi wakangoja, na mwaka ukaisha, na mwingine, na mama wa watu anafua, anapika, anakwenda misa.

"Muti ulimushika miaka saba," alisema. "Muntu hafi muti wake haujazaa bado. Nikasema na mimi nipate yangu. Hata mitano tu, nisikuache peke yako."

Mzee akanyoosha mkono, akaomba aletewe kilauri. Angemkatalia vipi? Akakileta. Mzee akaibonyeza mbegu kwa kidole gumba, na kidole kikazama kama kwenye kiazi kilichopikwa. Akakinusa. Macho yake yakaenda jikoni, kwenye sufuria.

"Uliipika."

"Niliogopa, Papa. Niliogopa itakuchukua kama ilivyomuchukua Mama."

Mzee alimshika kichwa, akampapasa nywele, hakumgombeza hata neno moja. Afadhali angemgombeza.

Rosalie akakimbia sokoni. Siku hiyo mashua ya Moba ilikuwa imeleta avoka, akachukua moja bila kuchagua. Aliporudi aliipasua kwa kisu, nyama ikaanguka chini na hakuiokota, akaiosha mbegu na kumpa baba yake pamoja na vijiti vitatu vipya. Papa Gaspard alijaribu. Kijiti cha kwanza kiliteleza. Akajaribu tena, mbegu ikamtoka mkononi, ikabingirika chini ya kitanda, Rosalie akaifuata kwa magoti. Mara ya tatu kijiti hakikuligusa hata ganda, ndipo Rosalie akauweka mkono wake juu ya ule wa baba yake ili wasukume pamoja.

"Ondoa," alisema mzee.

"Papa, kidogo tu."

"Ondoa, mutoto wangu. Tukichoma wawili, muti utakuwa wako pia. Utakukamata na wewe."

Rosalie alimwambia na ukamate tu, yeye hajali. Lakini mzee alikuwa ameifumba mbegu kwenye ngumi na kuiingiza chini ya blanketi, na kwa hilo nguvu alikuwa nayo. Alilala nayo hivyo siku tatu.

Alikufa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Mama Elisabeth aliposhika maji ya kumwosha alikuta mbegu kwenye shuka, nzima, haina hata alama, akauliza waifanyeje. Rosalie aliipokea, akaiweka juu ya kabati. Jumamosi asubuhi, watu wa matanga walipoanza kuleta viti, alikwenda dirishani, akamwaga maji mekundu ya kilauri, akatia mapya, na kuigeuzia jua ile aliyoipika, yenye matundu ya mkono wa baba yake.