Jogoo Kichwani mwa Mtakatifu Antoni

Dolphine Nalianya alikuwa anasomea Kihispania chuoni, na hakuwa amewahi kuongea na Mhispania hata mmoja. Kwa hivyo rafiki yake Linda alipomwambia kwamba kwao Oltepesi kuna sista kutoka Uhispania ambaye kila Januari huwaandalia watu sikukuu ya nchi yake, alikubali kwenda kabla hajauliza ni sikukuu ya nini.

"Ni ya Mtakatifu Antoni wa mifugo," Linda alimweleza. "Watu wanazungusha wanyama kanisa, Sista Pilar anawanyunyizia maji ya baraka. Lakini huwezi kuja mikono mitupu. Lazima ukuje na mnyama."

Kwenye ploti waliyopanga akina Dolphine huko Kitengela hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na jogoo mwekundu, mwenye kifua kama cha askari wa gwaride, ambaye baba yake Dolphine, Mzee Wanyama, alikuwa akimnonesha kwa ajili ya Pasaka.

"Mpeleke," alisema baba. "Labda akibarikiwa nyama itakuwa tamu zaidi. Lakini arudi mzima."

Jumamosi asubuhi kaka yake Linda aliwapeleka kwa pikapu, wakapitia Kiserian na kuteremka barabara ya Magadi. Jogoo alikuwa ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Njia nzima Dolphine alikuwa akinong'ona salamu zake za Kihispania, hadi Linda akamuuliza kama anasali.

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Ng'ombe walivishwa shanga shingoni, punda mmoja alifungwa utepe wa harusi, na mbuzi wa mama yake Linda alikuwa amejitanda leso. Mbele yao wote, juu ya kitanda cha mbao kilichobebwa mabegani na vijana wanne, alisimama Mtakatifu Antoni: sanamu ya mzee mwenye ndevu ndefu na kinguruwe miguuni.

"Sista," aliita Mzee Tajeu, mjomba wake Linda, "huyu mtakatifu wako ni wa mifugo, na mnyama pekee ako naye ni nguruwe. Ng'ombe zake zilienda wapi?"

"Ukame, mzee," Sista Pilar alijibu bila kugeuka.

Alikuwa mama mfupi, mzee, mwenye viatu vya mpira, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kimaasai. Mkononi alishika tawi lenye majani, na kando yake mtoto wa kwaya alibeba beseni la maji. Dolphine alijipenyeza kati ya fahali wawili, akakohoa, akaanza salamu yake:

"Buenos di..."

Maji ya baraka yakamjaa kinywani. Sista hakumsikia; alikuwa akiwafokea ndama kwa Kimaasai huku akinyunyiza kushoto na kulia. Alirudia mara ya pili juu ya ile katoni, kwa ukarimu mkubwa, akapita zake.

Maandamano yakaanza. Walipofika nyuma ya kanisa, punda mwenye utepe alilia kwa nguvu. Jogoo akashtuka, akapiga teke, na kitako cha katoni iliyolowa kikaachia. Aliruka juu ya migongo ya ng'ombe, akapanda juu zaidi, akatua kichwani mwa Mtakatifu Antoni na kuwika.

Vijana wanne walisimama kama waliopigwa shoti. Kumshusha mtakatifu kabla mzunguko haujaisha kulikuwa mwiko.

"¡Virgen santa!" Sista Pilar alipiga kelele. "¿De quién es ese gallo?"

Bikira mtakatifu, jogoo ni wa nani! Dolphine alielewa kila neno, na hakungoja kupanga sentensi. "¡Es de mi padre!" alijibu kwa sauti. "¡No lo toque, que pica!" Ni wa baba yangu, usimguse, anadonoa!

Sista aliganda, tawi likidondosha maji juu ya viatu vyake. Aliangaza macho kwenye umati wote akitafuta sauti ile imetoka kwa nani.

Jogoo alizungushwa kanisa akiwa juu kule kama askofu. Walipomaliza, Mzee Tajeu alimfuata Dolphine.

"Ng'ombe zangu zimepata matone tu," alisema. "Huyu amekalia kichwa yenyewe. Mtoto wangu, niachie huyo, nikupe mbuzi."

Dolphine alimpigia baba simu.

"Mbuzi mzima?" baba aliuliza. "Mwenye miguu yote?"

"Yote, baba."

"Muulize kama atataka na kuku wa mama yako." Nyuma yake mama alisikika akikataa.

Baadaye Sista Pilar alimketisha Dolphine kwenye benchi nyuma ya jikoni, akampa chai. "Niongeleshe," alimwambia kwa Kihispania. "Chochote."

Maneno yote yakamtoroka Dolphine, yakabaki ya kitabuni. "Kituo cha treni kiko wapi?" aliuliza kwa aibu.

"Kwetu kilikuwa nyuma ya kinu cha ngano," Sista alisema taratibu. "Walikifunga nikiwa msichana. Tulikuwa tunacheza kwenye reli."

"Una ndugu wangapi?"

Sista aliwataja mmoja mmoja, na nani alikuwa mkorofi, na nani amebaki.

Nje, kaka yake Linda alipiga honi. Mbuzi alishafungwa kwenye pikapu. Dolphine hakuinuka. Swali lililofuata hakulitoa kitabuni. "Sista, huwa unafikiria kurudi?"

Sista Pilar alianza kujibu kwa Kihispania, neno likamkatalia katikati ya sentensi. Alilitafuta, akapiga paji la uso, mwishowe likamtoka kwa Kimaasai. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Umeona?" alisema kwa Kiswahili. "Jibu lenyewe ndilo hilo."

Honi ikalia tena. Sista alisimama, akavuta viatu vyake vya mpira, akaenda mwenyewe kumwambia kijana azime gari.