Foleni ya Bwana Oliver

Saa moja na nusu asubuhi Bi Mwanabaraka alitandika mkeka mbele ya benki, akatoa kofia aliyokuwa akiishona. Benki ilikuwa imefungwa kwa mwezi wa tatu sasa. Humo ndani mlikuwa na akiba yake ya kwenda Haji, miaka kumi na tisa ya kofia. Aliyemfuata kwenye foleni ni Kioko, mpakia mizigo wa bandarini Shimanzi, aliyeweka pesa za kiwanja. Nyuma ya Kioko alikaa Mzungu aliyekufa zamani, amevaa nywele za bandia zilizotiwa unga. Mlinzi alimwandikia namba kiganjani kama wengine.

Jina lake Oliver. Kiswahili alikipata kwenye foleni nyingine, miaka ya nyuma, karibu na soko la Marikiti. Alimsimulia Bi Mwanabaraka maisha yake bila haraka, naye akasikiliza huku akipitisha sindano. Alizaliwa Ayalandi mwaka 1711, mtoto wa muuza vitambaa. Alifungua benki Dublin, na watu wakampenda kwa kuwa aliwajua kwa majina. Pesa zao zikamnunulia kiti bungeni. Siku benki ilipofunga milango, yeye alikuwa bungeni akihutubia juu ya uaminifu. Alikufa kitandani mwake, juu ya godoro la manyoya. Tangu hapo, benki ikifungwa popote, huamka akiwa kwenye foleni yake.

"Na watu wako walilipwa?"

"Hawakulipwa, Bi. Walizeekea mlangoni. Mimi huja kuwaomba radhi, lakini kila nikifika nakuta ni foleni ya mtu mwingine."

Bi Mwanabaraka aliweka sindano chini.

"Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yao, baba. Nami wangu hajaniomba."

Wake alikuwa Mheshimiwa Kamaludin, mwenye benki na mbunge. Alikuja wiki ile akiomba kura, akawapa mkono wote waliokuwa barazani. Alipomfikia Bwana Oliver alimtambua kuwa ni mwenye benki mwenzake, akachutama kando yake. Alimwuliza jambo moja tu: iwapo alifungwa jela. Bwana Oliver hakuwa na mazoea ya kusema uongo tena, akajibu kwamba hakufungwa hata siku moja. Kamaludin alishusha pumzi. Uso wake ukanawiri, akaagiza watu waletewe maji ya chupa.

Agosti alishinda uchaguzi. Jengo likapangishwa kwa wauza simu, na foleni ikaombwa ihamie upande wa pili wa njia, isizuie wateja. Ikahama.

Septemba winchi ilimwangukia Kioko kazini, akazikwa kwao Machakos. Jumatatu iliyofuata alikuja saa ile ile, akamwamkia Bi Mwanabaraka, akanyoosha kiganja. Mlinzi akamwandikia namba.